Istilahi za Utengamao: Je, Mgonjwa wa Itiryo Atazielewa?

Istilahi ya utabibu haina budi kupita katika vipimo viwili. Kwanza, je, mtaalamu aweza kuitumia pasipo kupoteza maana? Pili, je, mgonjwa akiisikia atatenda lile linalotakiwa? Wafasiri wetu wamejitahidi katika kipimo cha kwanza. Cha pili wamewaachia wauguzi. Katika makala haya tunakusudia kukitazama hicho cha pili, kwa kuchunguza maneno ya mazoezi yaitwayo pilatesi pale mtaalamu wa fiziotherapia anapomwelekeza mgonjwa aliyeumia mgongo au nyonga. Mgonjwa wetu tunamweka Itiryo, wilayani Tarime, ambako wengi huzungumza Kikuria nyumbani na Kiswahili hukutana nacho shuleni, sokoni na katika zahanati.

Tuanze na jina. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki New York mwaka 1967, mwenyewe aliyaita mazoezi yake Contrology, yaani elimu ya kuutawala mwili. Mwaka 2000 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba jina Pilates limekwisha kuwa jina la aina ya mazoezi, wala si alama ya biashara ya mtu. Basi hakuna kizuizi cha kuandika pilatesi kwa herufi ndogo. "Pilato" haifai hata kidogo, maana msomaji wa Injili atamkumbuka liwali wa Kirumi akinawa mikono. "Tiba ya pilatesi" nayo tunaikataa kwa sababu nyingine. Mapitio ya utafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2015 kuhusu maumivu ya kiuno yaliona dalili kwamba mazoezi haya yana nafuu kuliko huduma hafifu, lakini hayakuthibitisha kuwa yanayashinda mazoezi mengine. Neno tiba lingeahidi kuliko ushahidi. (Na tuseme kiuno, tuachane na "mgongo wa chini", kana kwamba binadamu ana migongo miwili.)

Utengamao, neno litumiwalo na Wizara ya Afya, ni chaguo zuri. Limetoka katika kutengamaa, ambalo husemwa juu ya mgonjwa aliyepata nafuu na juu ya nchi iliyotulia. "Ukarabati" tuuachie barabara na majengo. "Tiba ya viungo" inaeleweka, ila ina jirani wa karibu mno: "mazoezi ya viungo" ya shuleni. Mkulima aliyeshinda na jembe akiambiwa kwamba dawa yake ni mazoezi, ana haki ya kujibu kwamba mazoezi anayafanya tangu alfajiri.

Wafasiri wengi wanakosea pia wanapotaka kusema kwamba mtaalamu humhudumia mgonjwa mmoja peke yake. Huandika "ana kwa ana". Lakini watu arobaini wakiwa mbele ya mwalimu wao wako naye ana kwa ana! "Moja kwa moja" ni kosa kubwa zaidi, kwani maana yake ni bila kupinda au bila kituo. Kiswahili kimekwisha kutupatia usemi wa kawaida: mgonjwa mmoja mmoja. "Mafunzo ya pilatesi kwa mgonjwa mmoja mmoja" hayana utata wowote.

Hatari iliyo kubwa, hata hivyo, haimo katika majina bali katika amri. Amri ya msingi ya mazoezi haya hufasiriwa "kaza tumbo". Mtu akiambiwa hivyo huzuia pumzi na kujifunga kama anayenyanyua gunia, hali kinachotakiwa ni kukaza kwa kiasi huku akiendelea kupumua. Tena kutoka "kaza" hadi "jikaze" ni hatua moja tu, nayo ndiyo inayotutia hofu. Jikaze ni neno la kumtia moyo mtu avumilie maumivu. Mtaalamu anataka aambiwe mara maumivu yanapozidi, ili apunguze au abadili zoezi. Mgonjwa aliyeambiwa ajikaze atanyamaza. Nani atamlaumu, hali ametii neno kama alivyolelewa kulisikia? Tunapendekeza kauli ndefu kidogo: "Vuta kitovu ndani polepole, usizuie pumzi, na ukiumia niambie." Mfasiri anayehesabu maneno ataiona ndefu. Mkekani, kwa mgonjwa, haina urefu.

Limebaki la "sakafu ya nyonga", tafsiri ya neno kwa neno inayorejelea misuli iliyo chini ya kibofu. Sakafu kwa Mswahili ni saruji au udongo uliopigwa. Haikazwi wala hailegezwi. Katika maandishi tuseme "misuli ya chini ya nyonga". Katika kauli, lililo wazi ni kumwambia mgonjwa abane kama azuiaye mkojo, lakini kijana hawezi kumtamkia hivyo mama wa makamo ya mama mkwe wake. Vitabu vya mwongozo viandike kauli hiyo bila kuificha, na viagize kwamba, iwezekanapo, mwanamke aambiwe na mtaalamu mwanamke, na mwanamume na mwanamume mwenziwe.