Sifa za Kinoo

Mwaka 1876 Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe alimwonyesha msafiri Stanley hazina yake: sanamu za wanyama za shaba, mikuki, mundu za chuma, na mabapa mapana yenye makali ya kutisha. Falme za Maziwa Makuu zilimtukuza mfua chuma, hata nyundo ikawa alama ya enzi. Lakini bapa halitoki kwenye nyundo likiwa kali. Yupo mtu aliyeinama juu ya jiwe, na jiwe lake halikuwekwa hazinani.

Kijana anayeanza kukereza miguu ya vitanda, awe huku kwetu Kayanga au Nkwenda, huota mashine kwanza. Sawa, lakini kazi ya mashine ni kuzungusha tu. Kinachokata ni patasi, nayo ikiwa butu hukwaruza, kisha hunasa, na gogo likiruka halichagui uso.

Akishagundua hilo hukimbilia grainda. Hapo ndipo ningemshika mkono. Jiwe la grainda huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na patasi nyingi za mtaani zimefuliwa kutoka springi za magari. Chuma hicho kikifika nyuzi 300 hivi za Selsiasi hugeuka buluu, na ugumu wake umekwenda. Patasi itaonekana kali, itakata kidogo, itakufa. Kinoo chenye maji hakiunguzi chuma. Tena mawe ya kunolea hayajawahi kuwa haba kwetu: jina la Karagwe limo katika vitabu vya jiolojia kwa sababu ya miamba yake, na kwatzi iliyomo hufika 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ilhali kisu cha kawaida ni 5.5 hivi.

Paka mteremko wa patasi wino wa makapeni, sugua mara chache kwenye kinoo, tazama. Wino ukifutika nyuma tu, inua mpini kidogo. Ukifutika nchani tu, ushushe. Bobari, yenye makali ya mviringo, huviringishwa kwa kiganja toka bega moja hadi jingine, na wanafunzi wengi huichosha katikati wakisahau mabega. Endelea hadi kidole gumba, kikipita upande wa pili kuelekea nje, kikute uzi mwembamba wa chuma umejikunja. Uondoe kwa ngozi ya mkanda wa zamani. Wanoa visu wa baiskeli nao hunoa kwa kutazama: mguu husita kwenye pedali, jicho hukagua, ndipo gurudumu linazunguka tena.

Kwa majaribio nachagua msizi. Ni mti laini, na nyuzi zake huinuka ovyo mbele ya makali mabovu, hivyo kosa huonekana papo hapo. Mkaratusi ni mgumu mno. Mwanafunzi akishindwa, huulaumu mti.