Nywele Zimetoka Wapi? Uchambuzi wa Tangazo la Kufuta Kovu la Kisogoni

Leo hatuchambui kitabu wala filamu. Tunachambua picha mbili zilizobandikwa pamoja, zile za "kabla" na "baada", ambazo mjomba wangu alinionyesha kwenye simu tukiwa kwa kinyozi hapa Buigiri, pembeni ya barabara ya Dodoma–Morogoro.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka kadhaa nyuma mjomba alipandikizwa nywele nje ya nchi. Mbele zilishika vizuri tu. Nyuma akabaki na kovu refu, kutoka karibu na sikio moja hadi jingine. Akinyoa namba mbili, linaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Ndo maana hata Oktoba, jua likiwa limewaka kweli kweli, mzee havui kofia. Sasa amekutana na tangazo la kliniki nyingine linalosema kovu litafutika kabisa. Bei yake inakaribia thamani ya kipande cha shamba lake la zabibu kule Chinangali, na mnunuzi ameshapatikana.

"Wewe si ndo msomi wa ukoo huu," akaniambia. "Hebu ziangalie hizi picha."

Nikaziangalia.

Tuanze kwa haki. Tangazo halidanganyi kwamba kazi hii ipo. Kurekebisha makovu ya kichwani ni tiba halisi, na ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1939 daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, aliandika jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuviweka kwenye makovu, yakiwemo ya kuungua. Yaani ufundi huu ulikuwa dawa ya makovu kabla haujawa biashara ya vipara. Vipara vilifuata miaka ya 1950, kwa kazi ya Norman Orentreich wa New York. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele huendelea kuishi kwa tabia za kisogoni.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni urefu wa nywele. Kwenye "kabla" jamaa amenyolewa karibu na ngozi. Kwenye "baada" nywele zina kama sentimita mbili. Jamani, kwa urefu huo hata mjomba hana kovu! Ukitaka kulinganisha, mnyoe kwa namba ileile.

Ya pili ni mwanga. Picha ya kwanza imemulikwa kutoka juu, kila bonde na kilima kinaonekana. Ya pili ina mwanga laini wa dirishani.

Ya tatu ni tarehe, ambayo haipo. Nywele zilizopandikizwa kwa kawaida hupukutika wiki za mwanzo, huanza kuota tena kwenye mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili husubiriwa kama mwaka mzima. Kovu nalo huendelea kubadilika kwa mwaka au zaidi. Picha isiyo na tarehe ni kama mtu akuonyeshe mche wa mzabibu unaochipua halafu akuuzie mavuno.

Lakini kasoro kubwa si hizo. Hizo ni ujanja wa mpiga picha, na kinyozi wetu alizigundua kabla yangu. Kasoro kubwa ni swali ambalo picha imelikata pembeni: nywele zilizofunika kovu zimetoka wapi?

Upandikizaji hautengenezi nywele mpya. Unahamisha. Kwa njia ya ukanda, daktari hukata kipande kirefu cha ngozi kisogoni, akashona, na hapo ndipo mstari unapotokea. Kwa njia ya kung'oa mzizi mmoja mmoja, iliyoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, hutumika kifaa cha duara chenye upana wa kama milimita moja au chini yake. Matangazo huiita njia hii "bila kovu". Si kweli. Jeraha lolote linalofika tabaka la ndani la ngozi ya mtu mzima hupona kwa kovu. Hapa makovu ni vitone mamia au maelfu badala ya mstari, na kwenye ngozi nyeusi vinaweza kubaki vyeupe.

Kwa hiyo anayejaza kovu kwa nywele anachota akiba ileile ya kisogo, au ndevuni, na anaacha majeraha mapya mahali pengine. Tena anapanda kwenye udongo mbaya. Kovu ni nyuzi za kolajeni zilizobanana, mara nyingi zenye mishipa michache ya damu, kwa hiyo si kila mzizi utashika. Mkulima wa zabibu anaelewa: huchomeki pingili zote kwenye ardhi iliyoshindiliwa na magari. Unajaribu chache kwanza. Madaktari waangalifu hufanya hivyohivyo.

Kwa watu wenye nywele kama zetu kuna mawili zaidi. Mzizi wa nywele ya kipilipili umepinda chini ya ngozi, kwa hiyo kifaa kikiingia wima ni rahisi kuukata. Na ngozi nyeusi hupata keloidi zaidi, lile kovu linalovuka mipaka ya jeraha lenyewe. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, kama sindano za dawa za steroidi, mara nyingi hurudi, wakati mwingine kubwa zaidi. Mwenye historia hiyo anatakiwa kuonwa na daktari wa ngozi kabla hajalipa mtu yeyote. Na hawa tunao. KCMC Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992.

Tangazo pia linachanganya tiba tatu kana kwamba ni moja: kukata kovu na kulishona upya liwe jembamba, kupanda nywele ndani yake, na kuchora vitone vya wino vinavyofanana na nywele zilizonyolewa. Hiyo ya wino haioteshi chochote, rangi hufifia, lakini haigusi akiba. Mteja ana haki ya kujua picha ile ni ya ipi. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayofuta. Zote zinaficha au zinapunguza.

Nilimweleza mjomba hayo yote. Akanyamaza, akajipapasa kisogo. "Kwa hiyo nife na kofia?" Hapana, mjomba. Kulionea kovu haya si dhambi, na kulipunguza si ujinga. Ninachokataa ni kuuza shamba kwa ajili ya neno "kabisa".

Tukawaandikia pale pale, kinyozi akishika kioo: mtutumie picha ya mteja huyohuyo baada ya mwaka mmoja, amenyolewa namba mbili, kichwa kizima, pamoja na pale mlipochukua nywele.

Wamejibu siku hiyohiyo. Wamempunguzia bei. Picha bado hatujaiona, na mnunuzi wa shamba ameambiwa asubiri.