Sahani Isiyo na Pa Kujificha: Namna ya Kuupima Mgahawa wa Kiitaliano

Anayetoka Tegeta kwenda Masaki jioni ya Ijumaa, au Kasarani kwenda Karen, anajua kwamba safari hiyo ina gharama zake. Kuna foleni, kuna mafuta ya gari, kuna saa nzima au zaidi ambayo hakuna atakayekurudishia. Mgahawa wa Kiitaliano ulio mtaani kwako haulazimiki kuwa bora; unatosha kwa kuwa karibu. Ule wa upande wa pili wa jiji lazima uwe na sababu. Watu wengi huitafuta sababu hiyo mahali isipokaa: kwenye vitambaa vya meza vya miraba myekundu, kwenye urefu wa orodha ya mvinyo, au kwenye habari kwamba mwenye mgahawa alizaliwa Napoli. Mimi nasema yote hayo yawekwe kando. Agiza sahani yenye vitu vichache kuliko zote jikoni humo, iwe tambi za nyanya tupu, za kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, au za jibini na pilipili manga, kisha uitazame vizuri kabla hujatia uma. Ndani yake mna karibu kila unachohitaji kujua.

Kipimo hiki kinatokana na namna upishi wenyewe ulivyojengwa. Chukua pasta nne zinazoutambulisha mji wa Roma. Ya kwanza, cacio e pepe, ni jibini la kondoo liitwalo pecorino na pilipili manga, basi. Ukiongeza guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, umepata gricia. Gricia ukiitia nyanya inakuwa amatriciana, inayobeba jina la mji wa Amatrice uliobomolewa na tetemeko la Agosti 2016. Ukiacha nyanya ukaweka mayai, hiyo ni carbonara. Ngazi nzima ina vitu vitano au sita, na hakuna hata kimoja kinachoweza kufunika kosa la kingine. Mchuzi wa nyama uliochemka saa nne humsamehe mpishi mengi: hata ukikosewa mwanzo, muda utaurekebisha, na kesho ukipashwa moto huenda ukawa mtamu zaidi. Tambi za jibini hazina kesho. Zinaiva, zinachanganywa na kufika mezani ndani ya robo saa, na kila uzembe uliofanyika katika robo saa hiyo unabaki juu ya sahani.

Anza na pasta yenyewe. Pasta kavu nzuri hutengenezwa kwa ngano ngumu na maji tu, na nchini Italia ndivyo sheria inavyodai tangu mwaka 1967. Tofauti ya daraja hutokana na kiwanda. Wengine husukuma kinyunga kupitia matundu ya shaba, kisha hukausha polepole kwa joto dogo. Ndivyo ulivyojijengea jina mji wa Gragnano karibu na Napoli. Wengine hutumia matundu yaliyopakwa teflon na joto kali, kazi ikaisha haraka. Pasta ya shaba ina ngozi inayoparuza kidogo na rangi iliyofifia, kama iliyopakwa unga. Ya teflon ni nyororo, ya manjano, inang'aa, na mchuzi huteleza juu yake. Ukiwa mezani huwezi kuuliza pakiti, lakini macho yanatosha. Kata tambi moja kwa meno, utazame pale ilipokatika: penye uzi au kitone cheupe katikati, mpishi aliitoa kwenye maji kwa wakati wake. Tazama na saa. Spageti za kawaida huhitaji dakika tisa hadi 12 kwenye maji yanayotokota. Sahani ikifika dakika tano baada ya kuagiza, zilichemshwa mchana, zikawekwa kwenye friji na kuchovywa kwenye maji ya moto ulipofika. Utazitambua kwa kuwa zimevimba na kukatika ovyo zinapozungushwa kwenye uma. Onja pia kama chumvi imeingia ndani. Waitaliano hukadiria gramu kumi za chumvi kwa kila lita ya maji, na mpishi aliyeogopa kipimo hicho atajaribu kuokoa mambo kwa kuutia mchuzi chumvi, jambo lisilofanikiwa.

Dakika mbili za mwisho ndizo zinazotenga jiko na jiko. Katika jiko la ovyo, tambi huchujwa, huwekwa kwenye sahani, kisha mchuzi humwagwa juu. Katika jiko linalojua kazi, tambi hutolewa zikiwa bado ngumu kidogo na kuhamishiwa kwenye kikaango chenye mchuzi. Humo huongezewa upawa wa maji zilimochemkia, zikarushwarushwa juu ya moto mpaka vyote vishikane. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: ni tofauti ya pilau na wali uliomwagiwa mchuzi. Siri imo kwenye yale maji, kwa sababu yamebeba wanga ulioachiwa na pasta, na wanga huo ndio unaofanya mafuta na maji yasitengane. Mwaka 2025 kundi la wanafizikia lilichapisha utafiti kuhusu cacio e pepe hiyohiyo. Walikuta kwamba wanga ukipungua chini ya asilimia moja ya uzito wa jibini, jibini huganda madonge likipata joto, na kwamba kiwango salama ni asilimia mbili hadi tatu. Wapishi wa Roma walikuwa wakilijua hilo kwa mkono kabla ya maabara. Kwa mlaji, kinachofuata ni rahisi. Sogeza tambi upande mmoja wa sahani utazame sakafu yake. Ukiona kidimbwi cha maji mekundu, pasta haikuoana na nyanya. Ukiona duara la mafuta limejitenga pembeni, kikaango kilizidiwa moto au kilikosa maji. Jibini likivutika kama ulimbo, jibu unalo. Sahani iliyopikwa vizuri huachwa na utando mwembamba tu wa mchuzi, na kipande cha mkate kinaumaliza kwa mpapaso mmoja.

Hapa ndipo watu wanapogombana kuhusu krimu, na ugomvi wenyewe huwa umekaa vibaya. Mwenye msimamo mkali husema carbonara yenye krimu ni dhambi dhidi ya mila. Anayempinga hujibu, kwa haki kabisa, kwamba mila hiyo ni changa. Carbonara haikujulikana kwa jina hilo kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mapishi ya mwanzo kuchapishwa yalitokea Chicago mwaka 1952, na jarida la La Cucina Italiana lilipochapisha yake mwaka 1954 lilitia kitunguu saumu na jibini la gruyère. Baadaye hata wapishi wenye jina nchini Italia waliitia krimu bila haya. Kwa hiyo anayedai kipimo cha asili atashindwa kwa ushahidi, na mimi simtetei. Hoja yangu dhidi ya krimu ni ya ufundi. Mayai yakipata moto mkali hugeuka mayai ya kuvuruga. Yakikosa moto hubaki mabichi na kuteleza. Kati ya hapo pana nafasi finyu, na mpishi huipata kwa kuondoa kikaango motoni, kutia mayai na jibini, na kulegeza kwa maji ya pasta. Krimu huondoa hatari yote hiyo. Ni kinga ya jiko lisilojiamini, au lenye wateja 80 na wapishi wawili. Inaweza kuwa tamu, na sina ugomvi na anayeipenda, ila haikuonyeshi kama mpishi anaweza kazi. Hata fettuccine za Alfredo, zinazojulikana duniani kwa krimu nzito, mjini Roma zilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa siagi na jibini tu. Ulaini ulitokana na mkono uliochanganya.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Itasemwa kwamba kumpima mpishi wa Dar es Salaam au Nairobi kwa vitu vya Roma ni kumwonea, kwa kuwa pecorino na mafuta mazuri ya zeituni huja kwa meli au ndege na kutozwa ushuru. Ni kweli, na ndiyo maana sipimi kwa pakiti. Chumvi ya kutosha, maji yanayotokota, saa ya ukutani na upawa wa maji ya wanga havitozwi ushuru popote. Nyanya za sokoni, ambazo mara nyingi huchumwa kabla ya kuiva ili zistahimili safari ya lori, hazitoi mchuzi mzuri bila kuchemshwa muda mrefu. Mgahawa unaofungua kopo zuri la nyanya za Italia haufanyi aibu, maana Waitaliano wenyewe hufanya hivyo msimu wa nyanya ukipita. Na pwani ina utajiri usioagizwa kokote. Malindi ni ushahidi. Waitaliano walijenga majukwaa ya San Marco baharini, karibu na Ngomeni, miaka ya 1960, satelaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo mwaka 1967, na tangu wakati huo mji umevuta walowezi na watalii wao, hadi vijana wengi wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano bila kukwama. Kaa, kamba na pweza wa bahari ile, wakiingia kikaangoni asubuhi hiyohiyo ya kuvuliwa pamoja na kitunguu saumu na mafuta, hawana cha kuomba kwa Roma. Angalia tu mhudumu anafanya nini: akikuletea jibini la kusaga ulitie kwenye tambi za kaa bila wewe kuomba, jiko halijaamua linataka uonje kaa au jibini.

Wengine watasema walaji wa huku wanataka pasta laini yenye mchuzi mwingi, na mgahawa lazima umsikilize mteja. Yeyote aliyekulia kwenye tambi za sukari za mwezi wa Ramadhani hatarajii kutafuna. Wasomali nao, waliopata pasta wakati wa ukoloni wa Italia, wameifanya kuwa yao kabisa: baasto yenye viungo, nyama na ndizi mbivu pembeni, kama inavyoliwa Mogadishu na Eastleigh. Sahani hizo zina sheria zao, na anayezipima kwa kipimo cha Roma ndiye asiyejua kula. Lakini mgahawa ulioandika cacio e pepe kwenye menyu umejichagulia mahakama. Ukitaka kuhukumiwa kwa sheria nyingine, uandike jina jingine. Asiyekula nguruwe naye hapotezi chochote kwa kipimo changu, maana tambi za nyanya na za kitunguu saumu hazina nyama kabisa. Mgahawa wa Zanzibar au Mombasa unaobadilisha guanciale kwa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, na kusema hivyo waziwazi kwenye menyu, unastahili heshima kuliko ule unaonyamaza.

Mengine nayapitia haraka. Menyu yenye pasta 40 ni tangazo la friza. Kumi hadi 12 ni idadi ambayo jiko dogo linaweza kuilinda. Pizza ipimwe kwa margherita, tena kwa kuigeuza: chama cha pizza halisi ya Napoli, kilichoanzishwa mwaka 1984, hutaka iive kwa sekunde 60 hadi 90 kwenye tanuri la moto mkali sana, na chini yake paonekane madoa ya kuungua yaliyotawanyika, si weupe wala weusi mtupu. Jibini la parmigiano lisagwe mbele yako au lije likiwa na harufu. Unga mkavu wa kwenye kopo ni heri usiletwe. Na mkate ukiwa baridi, usiuhesabu kuwa kosa kubwa.

Bado kuna watakaosema mgahawa ni watu wake: mhudumu anayekumbuka jina la mtoto wako, meza ya pembeni, mwenyeji anayekusalimu hadi habari za wazazi. Sikatai. Hizo ni sababu nzuri za kurudi kwenye mgahawa wa mtaani kwako kila wiki, na huenda ndizo bora kuliko zote. Lakini ukarimu wa namna hiyo unajengwa na ukaribu, na mtu anayevuka jiji mara mbili au tatu kwa mwaka hawezi kuudai. Yeye anafuata mkono ulioko jikoni. Kwa hiyo, siku utakayoamua kwenda, piga simu uulize swali moja: pasta huchemshwa nikiagiza, au huwa tayari? Wakikujibu kwamba utangoje robo saa, washa gari. Wakikujibu kwamba chakula kitakuwa mezani ndani ya dakika tano, kula mtaani kwako.