Magazeti Madogo na Haki ya Kusomwa Kamili

Historia ya fasihi ya Kiswahili huandikwa mara nyingi kwa kutazama yaliyomo katika rafu za vitabu. Mwandishi mwenye diwani huhesabiwa, na mwandishi aliyetunga miaka kumi katika kurasa za gazeti la mji wake husahauliwa, ingawa pengine wa kwanza alijifunza kwa wa pili. Hesabu ya namna hii ina kasoro katika msingi wake. Msimulizi lilikwisha kuchapwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Kwetu la Erica Fiah lilitoka katika mji huo huo mwaka 1937. Katika kurasa hizo nathari ya Kiswahili ilijaribiwa, ikakosolewa na kuzoewa kabla ya kuvikwa jalada. Kwa hiyo suala la kuhifadhi magazeti madogo si la watunza maktaba peke yao. Ni suala la uhakiki pia, kwa kuwa hukumu haiwezi kuwa ya haki ikiwa nusu ya ushahidi imeoza.

Mfano ulio wazi ni kazi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, waraka mdogo wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika Uwongozi, kitabu kilichotoka mwaka 1944; na mwaka 2017 sehemu ya makala hizo ilitolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Bila ya kitabu hicho, wasomaji wengi wasingalijua kuwa pwani ilikuwa na nathari ya namna ile: hoja fupi, lawama isiyo matusi, na mausia juu ya elimu, uchumi na mwenendo wa watu. Kitabu kimeyaokoa maneno, na kwa hilo kinastahili shukrani.

Hata hivyo, makala ya gazeti ikiondolewa mahali pake hubadilika tabia. Ndani ya gazeti ilikuwa neno la siku fulani, lililoelekezwa kwa watu wa mji fulani, ambao walijua ni jambo gani lililoliamsha. Ndani ya kitabu huwa ni mawaidha ya siku zote kwa watu wote. Ukali uliotokana na tukio moja huonekana kuwa ni hulka ya mwandishi; na jambo alilolirudia kwa kuwa hakusikilizwa mara ya kwanza hudhaniwa kuwa ni upungufu wa mpango. Zaidi ya hayo, anayezisoma leo kwa herufi za Kirumi hawaoni wasomaji waliokusudiwa kwanza, yaani wale waliokisoma Kiswahili kwa herufi walizofundishwa chuoni tangu utoto.

Katika ushairi hasara ni kubwa zaidi. Mambo Leo lilikuwa uwanja wa washairi, na Shaaban Robert mwenyewe alipeleka tungo zake huko. Mshairi mmoja alitoa fumbo, mwingine akalijibu katika toleo la baadaye, wa tatu akamsahihisha yule wa pili. Beti za swali zikikusanywa bila ya beti za jibu, msomaji hupewa ugomvi wa mtu mmoja. Kando ya mashairi hayo zilikuwapo habari za miji, barua na matangazo. Mkusanyaji huyaacha haya kama makapi, lakini ndiyo yanayomwonyesha mhakiki bei ya vitu, majina ya vyeo, na maana ambayo neno lilikuwa nayo mwaka ule.

Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali, na lilisambazwa mbali. Kupona kwake hakukutegemea sanduku la mtu mmoja. Magazeti madogo hayana bahati hiyo, wala udogo wake si kipimo cha uzito wake. Sauti ya TANU, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa karatasi za kurudufiwa tu. Lakini makala yake moja ya mwaka 1958 ilimfikisha Julius Nyerere mahakamani kwa shitaka la kuwakashifu maofisa wa serikali, akatozwa faini. Karatasi iliyoweza kuitikisa dola haiwezi kujikinga na mchwa.

Maadui wa karatasi hizi wanajulikana. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na asidi iliyomo huila polepole mpaka ikawa ya manjano na kukatika penye mkunjo. Unyevu wa pwani huleta ukungu. Pini za chuma hushika kutu. Utepe wa gundi uliokusudiwa kutibu mpasuko huacha waa lisilotoka. Sheria humtaka mchapishaji apeleke nakala katika maktaba ya taifa, lakini mhariri wa waraka wa parokia, wa shule au wa chama cha ushirika hajihesabu kuwa mchapishaji. Basi kazi yake hufungia maandazi, na hakuna daftari linaloonyesha kuwa iliwahi kuwapo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa ndipo hifadhi ya jamii yenyewe inapohitajika. Maktaba kuu ina chumba kizuri na wataalamu. Lakini watu wa mahali ndio wanaojua kuwa herufi mbili chini ya shairi ni jina la mwalimu fulani, au kwamba jina la kupanga lilimficha mwanamke aliyekatazwa kutunga. Ujuzi huo hauandikwi katika gazeti, nao hufa pamoja na wazee.

Yapo maneno ya kupinga. Jamii ina mapendeleo. Huenda ikatunza karatasi za kundi lenye nguvu na kuzichoma za wapinzani wao. Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kanuni: kila toleo liandikwe katika daftari kwa jina, mahali, tarehe na namba, toleo linalokosekana litajwe kuwa halipo, nakala ya picha ipelekwe chuo kikuu, ili asiwepo mlinzi mmoja mwenye uwezo wa kufuta. Wala asichague mtu yaliyo mazuri na kuyatupa mabaya. Kuchagua ni kazi ya mhakiki, nayo huja baada ya kuhifadhi. Akitangulia, huwanyima waliomfuata nafasi ya kumkosoa.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, kazi iliyo karibu ni ya kawaida kabisa. Kabla ya kuandika kuwa mji fulani haukuwa na waandishi, aulize ulikuwa na gazeti gani, nani alilihariri, na masanduku yake yamo katika nyumba ya nani. Pengine jibu litakuwa kwamba zimebaki namba tatu tu. Hizo tatu zihesabiwe, zisomwe kamili, pamoja na matangazo yake. Na hukumu juu ya fasihi ya mji huo ingoje mpaka hapo.