Karisi haikungojea podiumu

Kila mara watu wa kwetu wakiongea juu ya teatri, neno la kwanza ni nyumba. Wanasema: Goma kuko masale, Lubumbashi kuko masale, lakini mu teritware ya Walikale na ya Masisi tuko paka na sale ya parokia, na kiwanja cha masomo siku ya sikukuu. Njo maana, wanasema, teatri haijafika kwetu. Neno hilo lina makosa mawili. La kwanza, linasahau kama teatri ilikuwa kwetu mbele ya parokia na mbele ya masomo. La pili, linatufanya tupime michezo yetu kwa mbao na mabati, badala ya kuipima kwa kazi inayofanya kati ya watu.

Tuchukue mfano wa karisi ya Wanyanga. Fundi wake anaitwa Shekarisi. Mkubwa wa kijiji ao wa ukoo ndiye alimwita, akatayarisha chakula na pombe, na magaribi wanaume, wanawake na watoto wakakusanyika barzani. Shekarisi alivaa njuga miguuni, akashika kibuyu cha kutikisa, na konga, yaani ule usinga wa Mwindo mwenyewe. Aliimba kipande, kiisha akakisimulia, na pale pale alicheza na kuigiza: yeye ndiye Mwindo. Vijana watatu walipiga kijiti kikavu kilicholazwa juu ya vijiti vidogo. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi, anajifunza kazi mbele ya macho ya watu wote. Kila fundi aliponyamaza kidogo, watu waliitika wimbo, na wenye kufurahi walimpa zawadi ndogo ndogo. Hapo kuko muziki, kuko mchezo, kuko watazamaji, kuko hata malipo. Kitu gani cha teatri kilikosekana?

Na habari yenyewe haikuwa ya kumsifu mkubwa. Shemwindo, chifu wa Tubondo, anawakataza wake zake saba kuzaa mtoto mwanaume. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mu mto. Mtoto anafika kwa shangazi yake Iyangura, anarudi, baba anakimbilia chini ya udongo, mtoto anamfuata mpaka anamrudisha. Baba anakiri kosa lake mbele ya mkutano wa watu wote. Na shujaa naye haponyoki: anapomuua Kirimu, rafiki ya Nkuba, yule mwenye radi, anapandishwa juu mbinguni, anateswa na baridi, mvua na jua, kiisha anarudi akiwa mtu aliyefundishwa. Ndugu msomaji, waza kidogo: habari hii ilichezwa kwa chakula na pombe ya mkubwa wa kijiji, mbele yake, naye akisikia namna chifu anavyoharibu na namna anavyotengeneza.

Mu mwaka wa 1956, Mzee Rureke, Shekarisi wa kwetu, alitoa karisi ya Mwindo nzima kwa siku 12. Mbelgiji Daniel Biebuyck na Mnyanga mwenzetu Kahombo Mateene waliiandika, na kitabu kikatoka Marekani mu mwaka wa 1969, chenye maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Mu 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye karisi tatu zaidi. Ni kazi kubwa, na bila kazi hiyo maneno mengi yangepotea. Lakini kitabu kina uongo wake mdogo, na waandishi wenyewe wametuonyesha mlango wa kuuona: Rureke alisema kama toka zamani hakupata kuitoa yote kwa siku zinazofuatana namna ile. Kijijini watu walichezewa kipande usiku huu, kipande kingine usiku mwingine. Anayesoma kitabu anapata habari moja ndefu yenye mwanzo na mwisho. Aliyekaa barzani alipata usiku mmoja, na kipande kimoja, na sauti yake mwenyewe ndani yake. Kitabu kimelinda maneno. Kuitika hakukuweza kuandikwa. Na tafsiri iko ya Kiingereza, lugha ambayo watoto wetu hawasomeshwi kwayo.

Sasa tutazame kinachoonyeshwa mu masale yetu na kuitwa mila. Mgeni anakuja kufungua kisima ao senta ya afya. Vijana wamevaa nguo za namna moja, wanapiga ngoma dakika kumi, mgeni anapiga picha, anapiga makofi, hotuba zinaanza. Tunaita ile folklori ya wazee wetu. Mimi naona baba yake si karisi. Baba yake ni animasio ya wakati wa MPR: watu kwa mistari, kitambaa kimoja, wimbo mmoja wa kumsifu Mwongozi, na kucheza ili mkubwa afurahi. Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 mwezi wa nne 1990, lakini ile namna ya kucheza ilibaki mu miguu yetu. Tulibadilisha tu mtu wa kupokelewa. Sisemi vijana wanacheza vibaya. Wengi wao wako mafundi. Nasema wanachezeshwa kazi ndogo kushinda nguvu yao.

Kuko wanaojibu: karisi ilikuwa ya kijiji, nyakati zimegeuka, haiwezi kusimama mu mji ao mu Kiswahili. Watazame Lubumbashi. Mu mwaka wa 1986, trupe ya Mufwankolo ilichukua msemo mmoja, kama mamlaka yanaliwa mazima, ikajenga juu yake mchezo wa Kiswahili cha kule kwao juu ya chifu na watu wake. Hawakuwa na maandiko ya kukariri. Walijadiliana, wakapatana juu ya njia ya habari, kiisha kila mchezaji akatafuta maneno yake mwenyewe. Walienda kuucheza kijijini Kawama ili upigwe filme ya televizio, na Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu yake mu 1990. Hao walikuwa watu wa mji, chini ya Mobutu yuleyule, na walipata namna ya kuongea juu ya mamlaka mbele ya watu. Akili yao haiko mbali na ya Shekarisi.

Karibu zaidi kuko Festival Amani, iliyofanyika mara ya kwanza mu Goma, kwenye Kolezhi Mwanga, mwezi wa pili 2014, kiisha vita vya 2012 na 2013. Siku tatu za muziki na michezo, watu wa makabila yote kwenye kiwanja kimoja: hilo ni jambo la heshima. Lakini podiumu kubwa iko na mpaka wake. Mtu aliye mbali na taa hawezi kuitikia, na hakuna mwanafunzi anayepata kushika kijiti pembeni ya fundi. Festival inakusanya watu. Haiwezi kufanya kazi ya barza pahali pa barza.

Na barza yenyewe imevunjika. Mu machimbo kama ya dhahabu ya Omate, vijana wanatoka pande nyingi, kila mmoja na lugha ya mama yake, Kiswahili kinawaunganisha. Kijana aliye mbali na kijiji cha baba yake atasikia wapi karisi? Atasikia bafle, na bafle haingoji mtu aitike. Tena usiku wenyewe umekuwa wa kuogopesha: mu mwaka wa 2025 vita vilifika Masisi-centre mwezi wa kwanza na Walikale-centre mwezi wa tatu. Watu wanaolala porini hawaalike fundi.

Kwa hiyo tunapohukumu mchezo wowote wa mila, tuulize maneno haya. Watu wanaitika, ao wanatazama tu? Kuko mwanafunzi anayejifunza pale pale? Na mkubwa aliyekaa mbele, anasikia hata neno moja lisilompendeza? Mchezo ukikosa yote hayo, hata ukichezwa mu sale ya simenti na taa za rangi, bado hatuna teatri.

Sale ya parokia inatosha kwa kuanza. Watoe mabenchi katikati, fundi acheze chini, watu wamzunguke. Kipande kimoja kwa usiku mmoja. Nyimbo zibaki za Kinyanga, masimulizi yawe ya Kiswahili. Karisi yenyewe inatupa nafasi hiyo, kwani kila kipande kinaimbwa kiisha kinasimuliwa. Wazee fulani watasema kama Karisi ni roho anayemchagua mtu wake, si mchezo wa kila mtu. Ni neno la kuheshimu, na wao ndio waongoze kazi. Lakini Karisi anamtaka mtu aliyechaguliwa ajifunze; asipojifunza, ni yeye anayeumia. Na masimulizi yalibadilika siku zote toka fundi mmoja mpaka mwingine: zile karisi nne zilizochapwa hazifanani.

Trupe zetu zinazojitayarisha kwa sikukuu inayokuja zingeanza na kipande cha ngoma iliyotupwa mu mto. Hakihitaji pazia wala mashini. Kinahitaji mzee mmoja anayejua nyimbo zake, vijana watatu na kijiti kikavu. Wazee hao wako wachache. Watafutwe sasa, mbele ya kutafuta franga za kujenga sale.