Kutandika Kabla ya Kumimina

Fundi wa epoksi husifiwa kwa mng'aro: sinia la mbao linalometa, kombe la baharini lililofungwa ndani ya kioo kisichovunjika. Mimi naisifu kazi yake isiyouzwa, ile ya kutandika meza.

Epoksi ikichanganywa na dawa yake ya kugandisha ni majimaji kwa muda mfupi, kisha ni jiwe. Hushika mbao, saruji, nguo, hata ngozi ya mkono. Vitu vichache huikataa, na miongoni mwake ni nailoni ya polithini na silikoni. Basi nusu ya ufundi ni kujua gundi inashika nini, na nusu ya pili ni kujua haishiki nini. Fundi hutandika nailoni pana isiyo na tundu, akaikunja kingo zisimame. Hupima meza kwa pima maji, maana meza iliyoinama humwaga hata mkono usipotetemeka. Kazi huiinua juu ya vibao vidogo ili matone yapate pa kudondoka. Kikombe chenye masalio hukiweka mbali na nailoni, kwani mchanganyiko uliolundikana hupata moto wenyewe.

Mji Mkongwe wa Unguja unadai uangalifu zaidi. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyote viwili hunywa. Tone lililoganda barazani hulibandui bila kubandua na chokaa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini maji walau hukauka. Epoksi ikiwa mbichi hufutika kwa tambara na spiriti, glavu mkononi; ikishaganda, imehamia.

Epoksi ni utomvu wa kiwandani, na Unguja haikuanza leo kujuana na utomvu. Sandarusi, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini huko Mrima, pwani ya bara, ilipita bandari hii. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya mtawala wake, Seyyid Said, na Marekani, shehena nyingi zilikwenda Salem, Massachusetts, zikaoshwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Utomvu wetu ukaenda kukinga meza za watu; sasa ni meza zetu zinazohitaji kukingwa na utomvu.

Mnunuzi hutazama sinia, mwenye nyumba hutazama sakafu. Fundi hasa huwaridhisha wote wawili, ingawa anayemlipa ni mmoja.