Pongezi kwa TCRS

Mkazi wa Makanyagio, mjini Mpanda, anunuaye debe la maharage ya Katumba ni nadra kukumbuka kwamba mashamba yale, kabla ya miaka ya sabini, yalikuwa pori la miombo, wala kwamba waliolifyeka walikuwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wengi wao wakiwa hawana hata jembe. Ardhi ilitoka kwa Serikali ya Tanzania; lakini zana, mbegu na posho ya kuwavusha hadi mavuno vilihitaji msimamizi, na kazi hiyo ililiangukia TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoasisiwa mwaka 1964, ambalo hazina yake ilitegemea Umoja wa Mataifa pamoja na sadaka za waumini wa Kilutheri wa ng’ambo, watu ambao, nadhani, Mpanda wasingeiona upesi katika ramani.

Nami nalisifu zaidi kwa jambo liwaelemealo wafadhili wengi, nalo ni kuondoka: Katumba ilikabidhiwa Serikali mwaka 1978, wakulima wake wakijilisha wenyewe, nayo juhudi ikaelekezwa Mishamo, penye pori jingine. Hati za uraia wa Tanzania kwa wakimbizi hao na wazao wao zilianza kugawiwa mwaka 2014, na wengi waliozipokea walikuwa wamezaliwa papo hapo.